Turubai Lisilo na Msiba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rebeka Mughwai alifagia uwanja, akaleta ndoo ya maji, kisha akamsaidia mama yake kutandaza turubai la bluu nyuma ya jiko. Ulikuwa mwezi wa Juni, wakati wa mavuno. Juu ya turubai hilo walimwaga vichwa vya alizeti vikauke, na vikishakauka wakavipiga kwa fimbo mpaka mbegu zitoke. Kuku wa pale nyumbani hawakuwa na aibu hata kidogo. Ukiwafukuza upande huu, walizunguka jiko wakatokea upande wa pili. Rebeka aliwaambia mara nyingi kwamba hawezi kushindwa na kuku, na kwa kweli hakushindwa.

Kijiji chao kiko karibu na Ilongero, mahali ambapo upepo wa Juni huanza kuvuma jua likishapanda, na hauchoki mpaka usiku. Watu wa huko wameuzoea. Wanawake huungoja kwa hamu, maana ndio unaowasaidia kupepeta uwele. Lakini ukiwa na kofia, ishike.

Rebeka alikuwa darasa la sita. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa amekunja ngumi. Hakuwa mkorofi. Aliwasalimu wakubwa, alifanya kazi bila kusukumwa, na chakula chake aligawana na wenzake. Ila ukimwambia jambo haliwezekani, alikuwa anakuangalia kwanza, halafu anauliza kwa nini.

Siku moja mwalimu Urbano, aliyewasimamia skauti wa shule yao, aliwakusanya na kuwaeleza kuhusu kambi. Skauti wa shule kadhaa, pamoja na za mjini Singida, wangekaa siku tatu kwenye uwanja ulio chini ya majabali, kijiji cha pili kutoka kwao. Wangejifunza huduma ya kwanza, kupanda miti na kupika bila kuharibu kuni. Kila kikundi kilitakiwa kuja na hema lake. Hapo mwalimu akasema kwa upole kuwa shule yao haina hema, mwaka jana hawakwenda kwa sababu hiyo, na mwaka huu pia itabidi wavumilie.

Rebeka akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hema ni la nini?"

"La kujikinga, Rebeka. Umande, baridi, upepo."

"Basi sisi tuna turubai. Alizeti yetu haijawahi kulowa."

Wenzake walicheka. Mwalimu Urbano hakucheka. Alisema atawapeleka, lakini uamuzi wa mwisho ni wa mkuu wa kambi, na akikataa wasimlilie yeye.

Jioni Rebeka alimweleza mama yake. Alijua anaomba jambo kubwa, kwa kuwa alizeti haikauki hewani. Mama aliendelea kuchambua mboga. Baadaye akaingia ndani, akatoka na magunia ya zamani, akaanza kuyashona moja kwa jingine. Alisema alizeti italala kwenye magunia siku hizo tatu, na yeye mwenyewe atawafukuza kuku. Rebeka akachukua sindano ya pili akashona upande wake.

Kikundi chao kilikuwa cha wasichana watatu. Mbali na Rebeka alikuwapo Nasma, binti wa mwenye duka pale Ilongero, ambaye alikuwa na jibu kwa kila kitu. Wa tatu alikuwa Theodora, mdogo wa umbo, mtu wa maneno machache. Walifika kambini mchana wakiwa wamelibeba turubai kwa zamu, pamoja na mkeka, kamba ya katani na fito mbili walizokata kwenye ua wa kina Theodora.

Uwanja ulikuwa umeshajaa. Mahema ya kijani na ya rangi ya machungwa yalisimama kwa mstari katikati. Mkuu wa kambi, mwalimu Scholastika, alikuwa mama mrefu mwenye filimbi shingoni. Alilitazama lile turubai, akaligusa kwa vidole, maganda ya alizeti yakamng'ang'ania mkononi.

"Hili ni la kuanikia," alisema.

"Ndiyo, mwalimu," Rebeka akajibu. "Na leo ni la kulalia."

Mwalimu Scholastika aliwaeleza bila kupandisha sauti. Usiku wa Juni una baridi kali, na wazazi wamemkabidhi watoto wao wakiwa wazima. Kabla jua halijazama angepita kukagua. Kikundi ambacho hakina mahali salama pa kulala kingerudi nyumbani jioni hiyohiyo na pikapu iliyoleta maji. Rebeka alisema wameelewa. Moyoni aliapa kwamba pikapu hiyo itaondoka bila wao.

Theodora aliangalia huku na huku, akasema taratibu kwamba kule pembeni, nyuma ya jabali lile kubwa, upepo haufiki.

"Tukajifiche kwa nini?" Rebeka akamuuliza. "Tumeiba? Tutakaa kwenye mstari kama wengine."

Wakasimamisha turubai mwishoni mwa mstari, juu kabisa, ili lilingane na mahema. Upepo ukalipokea kama mgeni wake. Lilijaa, likavimba, likawavuta mpaka Theodora akainuka kwenye vidole. Wakalishusha, wakafunga upya. Ufito mmoja ukavunjika. Wakaunga kwa kamba, ukavunjika tena pale pale. Kina Kitwana, wavulana wa shule ya mjini waliokuwa na hema jirani, waliacha kazi zao wakawa wanatazama. Kitwana akavua kofia yake ya skauti, akaiweka kifuani.

"Poleni sana, jamani," alisema. "Marehemu alikuwa nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kwetu, kama mnavyojua, turubai likisimama uwanjani kuna harusi au kuna msiba, na hapakuwa na dalili ya harusi.

"Marehemu ni adabu yako," Nasma akamjibu. "Tunamzika leo, na wewe usikose."

Wavulana wakamcheka Kitwana kwa zamu yake. Lakini maneno hayakusimamisha turubai. Mwishowe wasichana walichoka. Walifunga upande mmoja kwenye kichaka cha miiba, upande wa pili wakauegemeza kwenye ufito uliobaki, wakakaa chini yake bila kusemezana. Vumbi lilikuwa jingi. Wakajifunika khanga vichwani, wakainamisha nyuso. Theodora aliegemea bega la Rebeka, na Rebeka aliona aibu kumwangalia.

Ng'ambo ya uwanja huo palikuwa na nyumba chache na kiwanja cha kupuria. Wanawake wa pale walikuwa wakipepeta uwele. Mmoja alipoinua macho aliona turubai la bluu mwisho wa uwanja, na chini yake wasichana wamekaa mavumbini wamejifunika khanga, vichwa chini, kimya. Mahema hakuyatilia maanani, aliyaona ya wageni tu. Lakini turubai alilijua. Akawaita wenzake.

Haukupita muda mrefu wakaja. Mbele alikuwa Mama Noel, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, amebeba mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake kulikuwa na bibi mmoja mzee aitwaye Kuluthumu, na bakuli la unga mkononi, halafu mama mwingine kijana na nguzo mbili begani, nguzo nzuri za mti mgumu. Wasichana waliinuka wakatoa shikamoo. Wale wanawake wakaitikia kwa sauti ya chini, wakatua mizigo, wakakaa chini pamoja nao bila kuuliza pa kukaa. Mama Noel akamwambia yule mama kijana asimamishe nguzo, kwa maana hata waombolezaji wanahitaji kivuli. Yule mama akachimba mashimo kwa jembe dogo, akafunga kamba, na turubai likainuka, likatulia. Upepo uliligonga, lakini halikuanguka.

Bibi Kuluthumu alivua khanga yake ya juu, akamfunika Theodora mabegani. Akamshika Rebeka mkono, akaupapasa.

"Mwili umeshafika, mjukuu wangu," aliuliza, "au bado uko hospitali?"

Rebeka alielewa hapo. Akageuka kumtazama Nasma, na Nasma alikuwa ameshaelewa zamani. Nasma alimfinya pajani. Kisha akamnong'oneza sikioni, macho yake yakiwa kwenye zile nguzo, kwamba anyamaze tu, watu hawa wataondoka baada ya muda na wao watakuwa wamepona. Hawakusema uongo wowote, hawakuomba kitu.

Na ni kweli, Rebeka alinyamaza. Alifikiria ile pikapu, na kofia ya Kitwana kifuani. Alimfikiria mama yake anayefukuza kuku kwenye magunia. Nguzo zilikuwa imara. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Ingetosha kuinamisha kichwa.

Mama Noel alikuwa amefuta machozi kwa ncha ya khanga. Alisema pole pole kwamba msiba hauchagui siku. Wao wenyewe wameuacha uwele wazi kiwanjani, na kwa upepo huu hawajui watakuta nini, lakini uwele si mtu. Mtu hukimbiliwa kwanza.

Maneno hayo yalimwingia Rebeka kuliko kelele zote za kina Kitwana. Akauondoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Bibi Kuluthumu, maana aliona si haki ushikwe hivyo.

"Bibi, hakuna aliyefariki," alisema. "Sisi ni skauti. Hatuna hema, ndiyo maana tumeweka turubai. Nilijua tangu ulipouliza, nikanyamaza kwa sababu ya nguzo."

Nasma alifunika uso. Mama Noel alisimama kwanza, akajikung'uta vumbi kwa nguvu kana kwamba vumbi ndilo lililomkosea. Akasema katika maisha yake hajawahi kulia machozi ya bure, na leo ameyalia mbele ya watoto. Akachukua bakuli la unga. Unga uliopelekwa msibani, alisema, hauliwi na watu walioshiba afya. Akaondoka kuelekea lilipokuwa hema la mkuu wa kambi, na mgongo wake ulionyesha kwamba hakwenda kusalimia.

Rebeka hakungoja kuambiwa. Alifungua kamba, akang'oa nguzo moja, kisha ya pili, akazipangusa udongo na kumkabidhi yule mama kijana. Turubai likaanguka juu ya Nasma. Bibi Kuluthumu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na yule mama kijana akamfuata.

"Lakini wajukuu," alisema alipopata pumzi, "nani amewaweka hapa? Mahali penye upepo kama hapa ndipo sisi tunapopatafuta tukitaka kupepeta. Hata pumba haikai, mtakaa ninyi?"

Walipoondoka, khanga waliiacha mabegani kwa Theodora. Rebeka alisimama akiwa amelishika turubai. Nyumbani kwao hata yeye huinua kiganja kujua upepo unatoka wapi kabla hajamwaga ungo. Leo alikuwa ameusahau upepo, akakumbuka mstari wa mahema tu. Akamgeukia Theodora.

"Ulisema wapi?"

Theodora hakumsimanga. Alionyesha kidole kuelekea jabali.

Nyuma ya jabali hilo palikuwa na utulivu wa ajabu, kama mtu amefunga mlango. Jabali lilikuwa na joto la mchana mzima. Wasichana walibana ukingo mmoja wa turubai kwenye ufa wa jiwe kwa mawe madogo, wakaushusha ukingo wa pili mpaka chini kabisa, wakaukandamiza kwa mawe makubwa. Hawakutaka tena kulifanya lionekane refu. Lilikuwa chini kiasi cha kuingia kwa magoti. Chini walitandika majani makavu, kisha mkeka. Wakiwa wanahangaika na jiwe moja zito, Kitwana alitokea, akalibeba akalitua juu ya ukingo. Wasichana hawakumtania. Akaenda zake.

Mwalimu Scholastika alikuja jua likiwa jekundu. Mwalimu Urbano alikuwa naye, na uso wake haukuwa na raha. Mwalimu Scholastika aliuliza ni nani aliyewadanganya wanawake wa kijiji.

Nasma alifungua mdomo kujitetea, lakini Rebeka alimtangulia. Alisema hawakusema uongo kwa mdomo, ila walinyamaza mpaka nguzo zikasimama, na kunyamaza kule kulikuwa uongo uleule. Kiongozi wa kikundi ni yeye, kwa hiyo kosa ni lake. Nguzo wamezirudisha. Kesho, wakiruhusiwa, wataenda kuwasaidia wale akina mama uwele wao.

"Na nikiwarudisha nyumbani sasa hivi?"

Rebeka hakuangalia chini.

"Ukiturudisha kwa sababu ya kosa hilo, mwalimu, tutarudi. Lakini usiturudishe kwa sababu ya turubai. Ingia kwanza uone."

Mwalimu Urbano alikohoa. Mwalimu Scholastika alimtazama mtoto yule, akalitazama turubai. Akashusha filimbi yake ndani ya blauzi, akapiga magoti, akaingia. Walimsikia akipapasa mkeka, akisukuma mawe kwa ndani, akitikisa ukingo. Alikaa humo muda ambao wasichana waliuona mrefu sana. Alipotoka alikuwa na majani kwenye nywele.

Alisema Mama Noel amekuja kwake akiwa na hasira, akaeleza kila kitu, na mwisho, alipokwisha kulalamika, akasema pia kwamba mtoto aliungama mwenyewe kabla hajabanwa na mtu, na kwamba yeye, kama mkuu wa kambi, alipime na hilo pia. Kwa hiyo pikapu itaondoka bila wao. Lakini alfajiri, badala ya kwenda na wenzao kwenye michezo, watakuwa kwenye kiwanja cha kupuria, na watabaki huko mpaka wenye uwele waseme inatosha. Rebeka akasema ndiyo, mwalimu. Nasma akasema ndiyo, mwalimu, ingawa michezo ndiyo iliyomleta. Walilala wakiwa wamebanana, wakiusikia upepo ukipita juu yao bila kuwagusa.

Asubuhi Bibi Kuluthumu aliwapokea kwa kicheko, akamwambia Theodora abaki tu na khanga. Mama Noel aliitikia shikamoo yao kwa mkato, akawaonyesha kazi. Upepo wa jana ulikuwa umechanganya uwele na pumba na mchanga, ukautawanya mpaka kwenye majani. Waliuokota, wakaukusanya, wakaupura uliobaki. Upepo ulipoamka, Rebeka aliinua kiganja, akasogea hatua chache, akainua ungo na kumwaga. Uwele ukaanguka miguuni, pumba zikaenda zake. Mama Noel aliona. Akasogea kupepeta karibu naye.

Wakafanya kazi bega kwa bega mpaka lundo likawa kubwa. Ndipo Mama Noel akaweka ungo chini.

"Mwanangu, kichwa kigumu si kosa," alisema. "Mimi mwenyewe ninacho, muulize mume wangu. Jana ulikataa kufukuzwa kwa sababu ya umaskini, na ulifanya vizuri. Mtu asikuambie turubai la mama yako ni aibu. Lakini kichwa hichohicho kilikutosa ulipokataa kumsikiliza mwenzako, na nusura kikutose tena ulipotaka kushinda kwa machozi yetu. Ukipata cha haki kwa njia isiyo ya haki, hakikai. Ukitaka kuwa mbishi, kuwa mbishi upande wa kweli, hata kama unakugharimu nguzo."

Rebeka alisema amesikia, na asante. Akaongeza kwamba hata hivyo, mwakani watakuja tena na turubai.

"Hata shule ikipata hema?" Nasma akauliza kwa mashaka.

"Hata ikipata."

Mama Noel alijaribu kukunja uso, akashindwa. Akaokota ungo wake.

"Njooni," alisema. "Ila mtutumie habari mapema, tusije tukalia tena."